Alipimwa akaambiwa hatua ya kwanza, majibu ya kinyama baada ya upasuaji yakasema hatua ya tatu: nani hasa hupanga hatua ya saratani ya mlango wa kizazi?

#1 Mwana wa Kibosho

Habari zenu wakuu. Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 46, alianza kutokwa na damu mwaka jana katikati ya mwezi, tena hata baada ya kukutana na mumewe. Mwezi Septemba alikatwa kinyama, na majibu yakasema ni saratani ya mlango wa kizazi ya seli bapa. Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake alimpima kwa mkono, akampiga ultrasaundi, kisha akatueleza kuwa uvimbe una sentimita 2 na nusu, haujatoka nje ya mlango wa kizazi, na kwamba hiyo ni hatua ya kwanza inayotibika kwa upasuaji. Upasuaji ulifanyika Januari kwa kufungua tumbo.

Wiki tatu baadaye tulipokea karatasi ya maabara. Imeandikwa kuwa kingo za nyama iliyotolewa ni safi, tishu za pembeni mwa mlango wa kizazi ni safi, seli za saratani zimeonekana ndani ya mishipa midogo, tezi za limfu za nyonga zilizopimwa ni 19, na mbili kati yake zina saratani. Mwishoni pameandikwa hatua ya IIIC1.

Familia imegawanyika. Baba mkubwa anasema daktari wa kwanza alitudanganya ili akate. Shangazi anasema maabara imebadilisha chupa. Mimi nauliza jambo moja tu: hatua hupangwa na nani, daktari aliyemgusa mgonjwa au mwanapatholojia ambaye hajawahi hata kumwona uso?

#2 Mzee wa Rau

Pole sana, mwanangu. Mimi sikusoma udaktari, lakini nimezika dada wawili kwa ugonjwa huu na nilichokiona nimekiona. Wote walikuwa wakitembea, wakilima, wakienda sokoni Mbuyuni na vikapu vyao kichwani. Walipoguswa na kisu tu, ugonjwa ukaamka na kusambaa. Hatua ya kwanza iligeuka ya tatu siku ile aliyolazwa mezani, si kabla ya hapo.

#3 Fundi Kioo

Nimefanya kazi ya kukata na kupaka rangi vinyama kwa miaka 27 kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba nieleze taratibu.

Mleta mada, katika maelezo yako sioni aliyedanganya. Daktari wa wanawake alipanga hatua kwa vitu alivyokuwa navyo, yaani vidole vyake, macho yake na ultrasaundi. Kwa vitu hivyo mtu hupima ukubwa wa uvimbe, hugusa kama ukuta wa uke na tishu za pembeni vimekaza, na huangalia kama figo zimejaa maji kwa sababu mrija wa mkojo umebanwa. Tezi iliyojificha pembeni mwa mshipa mkubwa wa damu ndani ya nyonga haiguswi kwa kidole, na ikiwa haijavimba, ultrasaundi nayo itaiona kama tezi nyingine yoyote. Saratani ya milimita 3 iliyokaa ndani ya tezi ya ukubwa wa kawaida huonwa na mtu mmoja tu, naye ni yule anayeikata tezi hiyo vipande na kuitazama kwa hadubini.

Kwa hiyo mwanapatholojia hakuipandisha hatua. Aliifungua barua iliyokuwa imefungwa.

#4 Ngaramtoni Juu

Fundi Kioo ameeleza vizuri kama kawaida ya watu wa Moshi, ambao hata maiti wangeihesabu tezi kabla ya kuuliza jina. Lakini ameacha jambo lenye uzito zaidi.

Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, lijulikanalo kama FIGO, ndilo lenye kitabu cha hatua za saratani hii. Katika kanuni zake za mwaka 2009, tezi zenye saratani hazikuwa na nafasi katika kupanga hatua. Mama mdogo wako angebaki kuwa IB1, kwa kuwa wakati huo IB1 ilikuwa uvimbe wowote unaoonekana usiozidi sentimita 4. Mwaka 2018 kanuni zikabadilishwa, IB ikagawanywa mara tatu kwa sentimita 2 na 4, na ikaundwa IIIC kwa ajili ya tezi: IIIC1 kwa za nyonga, IIIC2 kwa zile za juu pembeni mwa mshipa mkuu wa damu. Mwanamke yuleyule, uvimbe uleule, tezi zilezile mbili. Angepasuliwa mwaka 2015 mngefanya sherehe ya hatua ya kwanza. Kilichopanda ni kitabu, si ugonjwa.

#5 Nesi wa Mbauda

Ngaramtoni Juu, hoja yako ni ya kweli lakini unaiweka kana kwamba ni mchezo wa karatasi. Hata kabla ya mwaka 2018 mgonjwa mwenye tezi mbili zenye saratani alipelekwa kwenye mionzi baada ya upasuaji, haidhuru aliitwa hatua gani. Kilichorekebishwa ni jina tu, ili lifanane na kile kilichokuwa kikifanyika.

Nami nina shaka nyingine ambayo hamjaigusa. Kinyama cha kwanza kilikatwa Septemba na upasuaji ukafanyika Januari. Hiyo ni miezi minne. Mleta mada, mlikuwa mnasubiri nini?

#6 Mwana wa Kibosho

Dada Nesi, ukweli unauma. Majibu ya kwanza yalichukua wiki tano. Kisha kadi ya bima ikawa na tatizo la jina, likarekebishwa Novemba. Desemba ikaingia, na nyote mnajua Desemba ya huku kwetu: wana wote wamerudi kutoka mjini, mama mdogo mwenyewe akakataa kulazwa kabla wageni hawajaondoka. Alisema hawezi kulala hospitali ilhali nyumba imejaa na mbege haijapikwa.

#7 Bingwa Mtarajiwa

Nipo mafunzoni katika fani ya magonjwa ya wanawake, hivyo nichangie kwa tahadhari.

Kwa Mzee wa Rau, kwa heshima zote: ushahidi hauonyeshi kwamba kukata kinyama husambaza saratani hii, na ugonjwa usiotibiwa huendelea wenyewe bila kuguswa na mtu. Hata hivyo sitamcheka, kwa sababu mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa nchi nyingi uliotushtua sote. Wanawake wenye saratani ya hatua za mwanzo waliofanyiwa upasuaji mkubwa wa kuondoa kizazi kwa matundu madogo na kamera walilinganishwa na waliofunguliwa tumbo. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 86.0 kwa upasuaji wa matundu na asilimia 96.5 kwa kufungua tumbo. Wapo wanaolaumu kifaa kinachoingizwa kushikilia kizazi, wapo wanaolaumu gesi inayojazwa tumboni, na mjadala haujafungwa. Kwa hiyo namna ya kukata ina maana. Lakini mama mdogo alifunguliwa tumbo, na seli zilizokutwa ndani ya tezi hazikuruka kutoka kwenye kisu zikaota siku hiyohiyo. Tezi ilitolewa katika upasuaji uleule.

#8 Mzee wa Rau

Asante kwa kutonicheka, daktari. Lakini kinyama cha Septemba nacho ni kukata. Septemba hadi Januari zinatosha kuota.

#9 Bingwa Mtarajiwa

Mzee, hapo umenibana kwa hesabu, si kwa ushahidi. Kipande cha kinyama ni kama punje ya mchele, na uvimbe ulikuwa ukitoa damu wenyewe kwa miezi kabla ya hapo. Seli zilizoingia kwenye mishipa midogo, ambazo ripoti imezitaja, huingia zenyewe kwa tabia ya ugonjwa. Jambo hilo halibadilishi hatua, ila humwonya daktari kwamba njia ya kuelekea kwenye tezi imeshafunguliwa. Kama ripoti ya kinyama cha Septemba nayo ililitaja, basi mwelekeo ulikuwa unaonekana tangu mwanzo.

#10 Karatu Kwetu

Naomba niseme kidogo kuhusu shangazi na chupa zake, kwa sababu si wa kudharauliwa.

Mke wa kaka yangu alikatwa kinyama katika kituo kimoja, kisha kaka akakabidhiwa chupa ili asafiri nayo hadi maabara. Chupa yenyewe ilikuwa ya dawa ya kikohozi, yenye shingo nyembamba, na ndani yake kulikuwa na maji ya chumvi badala ya dawa ya kuhifadhia. Basi liliharibika Makuyuni, akalala njiani. Alipofika, kinyama kilikuwa kimeshaanza kuoza na fomu ilikuwa imeloa, jina halisomeki, umri haukuandikwa, wala haikuandikwa kimekatwa sehemu gani ya mwili. Maabara ikajibu kwamba nyama haifai kusomwa. Ilibidi shemeji akatwe upya baada ya wiki sita. Kwa hiyo mkisema mwanapatholojia ndiye mwenye neno la mwisho, kumbukeni kwamba neno hilo hupanda basi kwanza.

#11 Fundi Kioo

Karatu Kwetu, umenikumbusha mambo ambayo nilidhani nimeyasahau. Chupa yenye shingo nyembamba! Nyama ikiwa laini huingia kwa urahisi, ikishakazwa na formalini, yaani dawa ya kuhifadhia, haitoki, na fundi hulazimika kuivunja chupa. Nimevunja nyingi.

Niwaeleze safari yenyewe, maana wengi hudhani kinyama huwekwa chini ya hadubini kama kilivyo. Mara tu kinapokatwa kinapaswa kuzamishwa kwenye formalini ya asilimia 10, mara kumi hadi ishirini ya ujazo wa nyama yenyewe, na kikae humo kwa muda wa saa sita hadi siku tatu. Maji ya chumvi hayahifadhi kitu. Baada ya hapo nyama hukaushwa kwa spiriti ya viwango vinavyopanda, hupitishwa kwenye zailini, kisha hujazwa nta iliyoyeyushwa na kuwa bloku. Bloku hukatwa kwa mashine kwa unene wa maikromita 3 hadi 5. Unywele wa kichwani ni mnene zaidi ya mara kumi ya hapo. Utando huo huelea juu ya maji ya uvuguvugu kama ukoko wa maziwa, huokotwa na kioo, hupakwa rangi mbili, moja ya bluu kwa kiini cha seli na moja ya waridi kwa sehemu nyingine. Ndipo mwanapatholojia anapoketi. Kwa kizazi kilichotolewa chote, yeye kwanza hukikagua kwa macho, hupaka wino kwenye kingo ili baadaye ajue ukingo ni upi, hupima uvimbe kwa rula, na hutafuta tezi moja moja ndani ya mafuta kwa kuminya na vidole.

Sasa fikirieni tezi ya sentimita moja ambayo imekatwa katikati na kutolewa utando mmoja wa maikromita 4. Ni sehemu ndogo mno ya tezi hiyo imesomwa. Tezi 17 zilizoitwa safi ni safi katika kile kilichosomwa.

#12 Ngaramtoni Juu

Kumbe! Fundi ametoka kwenye kuwatetea wanapatholojia hadi kukiri kwamba wanasoma ukurasa mmoja wa kitabu na kutoa muhtasari. Mleta mada, andika hilo pembeni.

#13 Binti wa Sakina

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini hapa lazima niseme, kwa sababu milimita mbili za mwanapatholojia ndizo zilizonipa mtoto wangu wa pili.

Nilipimwa kwa siki, doa jeupe likaonekana, nikakatwa kinyama, jibu likawa mabadiliko makali ya awali, lile la daraja la tatu. Nikafanyiwa upasuaji wa kutoa nyama yenye umbo la koni. Ripoti ya kwanza ilisema saratani imeshaanza na imezama milimita 4. Nikaambiwa hiyo ni IA2 na nijiandae kuondolewa kizazi pamoja na tezi. Nilikuwa na miaka 31. Mume wangu akaomba bloku na slaidi, tukazipeleka kwa mwanapatholojia mwingine, naye akakata upya bloku zilezile na kuandika milimita 2, kingo safi, mishipa safi. Hiyo ni IA1. Koni ikahesabiwa kuwa tiba tosha, nikawa naenda kupimwa tu. Mtoto sasa yuko chekechea.

Nilimuuliza yule wa pili mwenzake alikosea wapi. Akasema hakupenda neno kukosea.

#14 Bingwa Mtarajiwa

Dada wa Sakina, hongera sana kwa mtoto. Tofauti hiyo inaelezeka bila kumlaumu mtu. Kina hupimwa kuanzia kwenye msingi wa utando ambako saratani imechipukia, si kuanzia juu kabisa ya utando, na utando wenyewe unaweza kuwa mnene au umejikunja ndani ya vitezi vya ute. Aliyeanzia juu ataongeza milimita. Vilevile nyama ikilazwa mshazari ndani ya nta, kisu huipita kwa pembeni, na kina kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo, kama kivuli cha jioni.

Mpaka ni huu: hadi milimita 3 ni IA1, zaidi ya 3 hadi 5 ni IA2, ikizidi 5 ni IB. Zamani upana nao ulihesabiwa, usizidi milimita 7, lakini mwaka 2018 upana uliondolewa. Tena hatua ya IA haiwezi kupangwa kwa kinyama kidogo cha kudonoa, kwa sababu hakikuonyeshi ugonjwa unaishia wapi. Huhitaji koni iliyotoka nzima, yenye kingo zinazosomeka. Hapo, mleta mada, swali lako lina jibu lililo wazi: hatua ya IA ni ya mwanapatholojia peke yake. Hakuna kidole kinachoweza kuigusa.

#15 Nesi wa Mbauda

Nakubaliana kuhusu IA, lakini tusijifariji. Ni wangapi kati ya wagonjwa wetu wanaokuja na IA? Wengi wanaopita mikononi mwangu huja wakiwa na harufu, maumivu ya mgongo na mguu uliovimba. Daktari akigusa anakuta tishu za pembeni zimekaza hadi kwenye ukuta wa nyonga, ultrasaundi inaonyesha figo imejaa maji, na hiyo ni IIIB kabla maabara haijafungua mlango. Mgonjwa huyo hapasuliwi. Anapelekwa kwenye mionzi pamoja na dawa ya sisplatini kila wiki, kama ni Ocean Road au Bugando, na hakuna tezi yake itakayowahi kuonwa na hadubini. Kwa mgonjwa wa namna hii mwanapatholojia anatoa jina la ugonjwa tu, na hatua inatoka kwenye glavu ya daktari.

#16 Fundi Kioo

Jina la ugonjwa tu! Dada Nesi, hilo "tu" limenichoma.

Nilishawahi kukata kinyama cha mama mmoja aliyekulia Kanda ya Ziwa, kilichotumwa na fomu iliyoandikwa saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili. Mwanapatholojia wetu alikitazama akacheka, kisha akaniita nitazame. Kilikuwa kimejaa mayai ya kichocho, yamezungukwa na uvimbe wa kinga ya mwili. Kichocho cha njia ya uzazi kinaweza kuota vinundu na kutoa damu hadi kikafanana na saratani machoni. Yule mama alihitaji vidonge, si mionzi.

Kuna na mengine. Saratani ya mfuko wa uzazi inaweza kushuka ikajitokeza mlangoni, na matibabu yake ni tofauti. Kuna saratani ya seli ndogo za asili ya neva, ambayo ni adimu na kali mno. Kuna adenokasinoma, itokayo kwenye seli za vitezi vya ute ndani ya mfereji, si tezi za limfu. Tangu mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani linataka saratani za mlango wa kizazi zigawanywe kwa kigezo cha kama zimetokana na kirusi cha HPV au la, na pale penye uwezo hutumika kipimo cha rangi maalumu kiitwacho p16. Glavu haina habari ya hayo yote.

#17 Mwalimu Mstaafu Machame

Nimefurahia mjadala, na naongeza mfano kutoka mbali. Mwaka 1951 mama mmoja Mmarekani mweusi, Henrietta Lacks, alikatwa kinyama cha mlango wa kizazi katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore. Seli zake ndizo zilizokuwa za kwanza za binadamu kuendelea kuzaana maabara bila kikomo, na dunia inazijua kwa jina la HeLa. Yeye alifariki Oktoba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Ripoti ya mwanzo ilisema ni saratani ya seli bapa. Miaka ishirini baadaye slaidi zilipotazamwa upya ikaonekana ilikuwa adenokasinoma. Seli maarufu kuliko zote duniani ziliandikwa jina lisilo lao, na nyama ilihifadhiwa vizuri kiasi cha kuweza kusahihishwa.

#18 Ngaramtoni Juu

Mwalimu, shikamoo. Kwa hiyo hata Johns Hopkins wamo. Shangazi wa Kibosho aombwe radhi?

#19 Mwalimu Mstaafu Machame

Marahaba. Shangazi alisema chupa zimebadilishwa. Mimi nimesema chupa ilikuwa sahihi na macho ndiyo yaliyotofautiana. Sikukufundisha kuchanganya vitu viwili.

#20 Mama Usa River

Samahani kwa kuingilia. Nina binti wa miaka 12. Je, hiyo chanjo ya shuleni inafanya kazi kweli au ni maneno tu?

#21 Nesi wa Mbauda

Inafanya kazi, mama, na mkoa wa Kilimanjaro uliijaribu mwaka 2014, kabla haijatolewa nchi nzima mwaka 2018. Tangu mwaka 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Inalenga hasa aina za HPV namba 16 na 18, ambazo husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hii. Wewe mwenyewe ukapimwe, maana zamu yako ni kupima, na mwenye maambukizi ya VVU apime mapema zaidi na mara nyingi zaidi, kwa kuwa hatari yake ni karibu mara sita. Turudi kwenye mada.

#22 Mwana wa Kibosho

Nimerudi, wakuu. Kwa ushauri wa Binti wa Sakina tuliomba bloku na slaidi, tukatozwa gharama ndogo na kusaini daftari, kisha tukazipeleka kwa mwanapatholojia wa pili. Nimepata majibu jana.

Kwanza, seli ni za aina ileile na kundi la damu linalingana, kwa hiyo shangazi ametulia, japo hajakubali. Pili, amezisoma tezi 18, si 19. Anasema moja aliyohesabu mwenzake ni kipande cha mafuta. Tatu, tezi zenye saratani ni mbili kweli, lakini katika moja kuna doa la milimita 1 na nusu tu, na katika nyingine ni milimita 4. Nne, nilitafuta ripoti ya Septemba kama alivyosema Bingwa Mtarajiwa. Haijataja mishipa kabisa, wala kusema ipo wala kusema haipo.

Je, doa la milimita 1 na nusu linahesabiwa? Na kama mwezi Septemba lilikuwapo au halikuwapo, kuna anayeweza kujua?

#23 Bingwa Mtarajiwa

Linahesabiwa. Chini ya milimita 0.2 huitwa seli chache zilizojitenga, huandikwa lakini hazibadilishi hatua. Kuanzia hapo hadi milimita 2 ni chembe ndogo ya saratani, na kwa kanuni za sasa inatosha kuwa IIIC. Kwa hali yoyote ile ya milimita 4 pekee ingetosha.

Jambo moja la kumweleza mama mdogo: hatua ya tatu ya IIIC1 yenye uvimbe mdogo ulioondolewa wote kwa kingo safi si sawa na ile IIIB aliyoisimulia Nesi, yenye figo iliyobanwa. Zimewekwa chumba kimoja na kitabu, lakini hazilali kitanda kimoja. Wapo wataalamu wanaolalamikia mpangilio huo.

Kuhusu Septemba, nina maoni yangu kwamba lile la milimita 4 lilikuwapo. Hili dogo, sitaapa.

#24 Nesi wa Mbauda

Nami nina maoni yangu kwamba wiki tano za majibu na wiki nyingine za bima zilichangia. Siwalaumu wageni wa Krismasi.

#25 Fundi Kioo

Kipande cha mafuta kuhesabiwa tezi hutokea, hasa mchana wa Ijumaa. Lakini mwanapatholojia wa ripoti ya Septemba alipaswa kuandika hali ya mishipa, hata kama ni kusema tu kinyama ni kidogo mno kuweza kutoa hukumu. Ukimya kwenye ripoti husomwa na kila mtu anavyotaka.

#26 Ngaramtoni Juu

Bado nasimama na kitabu cha mwaka 2009.

#27 Mwana wa Kibosho

Asanteni nyote. Mama mdogo amesomewa uzi huu wote jana jioni, kasoro maneno ya Mzee wa Rau ambayo niliyaruka. Ameuliza maswali mawili. La kwanza, kama huyo mwanapatholojia ni mwanamume au mwanamke, nami sikujua. La pili, nani atanyweshea migomba, maana Jumatatu tunapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, na ratiba tuliyopewa ni ya wiki tano.

#28 Mzee wa Rau

Umefanya vema kuyaruka. Kuhusu migomba, Rau si mbali na Kibosho. Nitumie ujumbe wa faragha.